Martin Rinkart: mchungaji aliyeshukuru kati ya makaburi



Kamati ilipotuomba sisi walimu tuandike habari ya shukrani kwa ajili ya toleo hili la ukumbusho, tulisita kidogo. Kumwambia mtu aliyepoteza nyumba, shamba na ndugu zake kwamba ashukuru ni jambo zito. Laweza kusikika kama dharau. Kwa hiyo tumemchagua mtu aliyefariki zaidi ya miaka 370 iliyopita, ambaye alijua wazi maana ya wakimbizi, ya njaa na ya mazishi.

Martin Rinkart alizaliwa tarehe 23 Aprili 1586 katika mji mdogo wa Eilenburg, nchi ya Saxony, ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa mapipa. Kijana alisoma Leipzig, na mwaka 1617 akarudi kwao kuwa mchungaji. Mwaka uliofuata vita vilianza. Vilidumu miaka 30, toka 1618 hadi 1648, na karibu huduma yake yote katika mji huo ilipita ndani ya vita hivyo.

Eilenburg ulizungukwa na ukuta. Kwa sababu hiyo watu wa vijijini waliokuwa wakiwakimbia askari waliingia humo kwa wingi. Sisi hatuhitaji kuelezwa yaliyofuata: watu wengi mahali padogo, chakula haba, kisha magonjwa. Mwaka 1637 ilizuka tauni kubwa. Mkuu wa wachungaji aliondoka mjini, wengine wawili wakafa, na Rinkart akawazika. Akabaki peke yake. Kuna siku alizika watu 40 hata 50. Kwa jumla aliwazika zaidi ya 4,000, na mmoja wao alikuwa mke wake mwenyewe, aliyefariki mwezi wa Mei mwaka huo. Mwishowe wafu walitiwa katika mahandaki bila ibada.

Baada ya tauni ikaja njaa. Rinkart aliwagawia wenye shida karibu kila alichokuwa nacho, hata ikambidi aweke rehani mapato yake ya miaka ya mbele ili watoto wake wapate mkate na nguo.

Mtu huyo ndiye aliyetunga wimbo wa shukrani unaojulikana kuliko nyimbo nyingi za Kikristo. Wengine walifikiri kwamba aliutunga kusherehekea amani ya mwaka 1648. Sivyo. Johann Crüger aliuchapa katika kitabu chake cha nyimbo mwaka 1647, vita vikiwa bado vinaendelea. Katika kitabu cha Rinkart mwenyewe uliwekwa kama sala fupi ya mezani, na beti mbili za kwanza zimejengwa juu ya Yoshua bin Sira, sura ya 50. Maana yake ni kwamba ulianzia nyumbani, kwa baba na watoto mbele ya chakula, kabla ya kuimbwa na makanisa makubwa.

Tena tuangalie jambo hili: shukrani haikumfunga mdomo. Jeshi la Sweden lilipoutoza mji thaler 30,000, Rinkart alitoka kuwaombea watu wake. Mkuu wa jeshi alikataa. Basi mchungaji akaliita kusanyiko kanisani, wakapiga magoti wakaomba na kuimba. Inasimuliwa kwamba mkuu yule alilegea, na mwishowe akapokea gulden 2,000 tu. Aliyemshukuru Mungu kwa mkate ndiye huyo huyo aliyesimama kudai nafuu kwa ajili ya wenzake.

Rinkart alifariki Eilenburg tarehe 8 Desemba 1649, mwaka mmoja tu baada ya amani. Wimbo wake umetafsiriwa katika lugha nyingi na unaimbwa hata leo.

Sisi tunajifunza nini? Kwanza, jamaa ianze mezani. Hata kama ni ugali na maharage ya mgao, baba au mama, au mtoto mkubwa anayewalea wadogo zake, aseme asante kabla ya kula, na watoto wasikie. Pili, kanisa lisishukuru kwa nyimbo tu. Aliyepona homa aende kumtekea maji aliye bado kitandani. Tatu, mtaa mzima uwakumbuke waliochimba makaburi, wakunga, na wote waliokesha na wagonjwa, kwa kuwa mara nyingi hatukuwaambia neno.

Na ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika, tunawashukuru kwa moyo. Lakini mtakapotuona tunaleta malalamiko juu ya maji au juu ya mizani ya unga, msidhani shukrani imekwisha. Mtu anaweza kushukuru na kudai katika siku moja.

Hatusemi kwamba mambo ni mema. Rinkart naye hakusema hivyo, maana alikuwa na makaburi zaidi ya 4,000 ya kumkumbusha. Alikataa tu kwamba kifo ndicho kiwe na neno la mwisho nyumbani mwake. Basi leo jioni, tunapowataja marehemu wetu kwa majina, tumshukuru Mungu kwamba tuliishi nao.

Mungu awabariki nyote.