Annie Oakley na shabaha ngumu kuliko zote

Wahenga walituambia kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii huwapendeza wengi, hasa wale ambao kazi yao ni kubeba habari kutoka baraza moja hadi nyingine, kwa kuwa humwondolea msemaji mzigo wa kuthibitisha asemalo. Pamoja na heshima zote nilizo nazo kwa wahenga, mimi nina shaka nayo. Na kila ninapotafuta mtu wa kunisaidia kuipinga, humkumbuka mwanamke mmoja wa Marekani aliyefariki takriban karne moja iliyopita, ambaye riziki yake ilitokana na kupiga bunduki mbele ya watazamaji. Ulimwengu ulimjua kwa jina la Annie Oakley.

Alizaliwa tarehe 13 Agosti 1860 katika wilaya ya Darke, jimbo la Ohio, na wazazi wake wakampa jina la Phoebe Ann. Walikuwa wakulima maskini wa madhehebu ya Quaker, madhehebu ambayo wasomaji wetu wa magharibi mwa Kenya wanayafahamu vyema, maana wamishonari wake kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka wa 1902. Baba mtu alikamatwa na dhoruba ya theluji akiwa safarini kurudi nyumbani, akaugua, na mwaka wa 1866 akafariki. Mjane akabaki na kundi la watoto wadogo, shamba lenye deni na ghala tupu.

Katika hali hiyo mtoto hujifunza mapema. Binti huyu alianza kwa kutega mitego ya ndege, na alipotimu umri wa miaka minane hivi akaishika bunduki ya marehemu babake na kwenda nayo msituni. Hakwenda kucheza. Kila risasi ilikuwa na bei yake, na risasi iliyokosa ilikuwa chakula kilichokosekana mezani. Nadhani hapo ndipo ilipoanzia shabaha yake, kabla hajawahi kuona jukwaa wala kusikia makofi.

Hata hivyo uwindaji wa mtoto haukutosha kuilisha nyumba nzima. Mnamo mwaka wa 1870 alipelekwa katika makao ya maskini ya wilaya, ambako alijifunza kushona, na baadaye akachukuliwa na familia moja iliyoahidi kumlipa senti 50 kwa wiki na kumpeleka shule. Ahadi zote mbili zilikuwa hewa. Alifanyishwa kazi kama mtumwa, akapigwa, akanyimwa shule, hata akatoroka. Jambo la kustaajabisha ni kwamba maisha yake yote hakuwahi kuitaja familia hiyo kwa jina, bali aliwaita mbwamwitu, basi. Aliyekuwa na kila sababu ya kuwaanika watu hadharani alichagua kuyasitiri majina yao. Tuliweke jambo hilo akilini, kwa maana tutalihitaji mbele.

Aliporejea kwa mamake aliishika tena bunduki, na safari hii akaifanya biashara. Wanyama na ndege aliowinda aliwauzia wenye maduka katika mji wa Greenville, nao wakawafikisha hadi kwenye hoteli za Cincinnati. Inasimuliwa kwamba wapishi waliipenda sana nyama yake kwa sababu alimlenga mnyama kichwani, hivyo mlaji hakuumwa jino na punje ya risasi. Alipofika umri wa miaka 15 alikuwa amekwisha kulipa deni lote la shamba la mamake.

Sifa za msichana huyo zikafika mjini. Wakati huo alikuwako Frank Butler, bingwa wa shabaha aliyezunguka miji akiwaita wenyeji washindane naye kwa pesa. Karibu na Cincinnati aliletewa mpinzani, na alipomwona kuwa ni msichana mfupi aliyevaa gauni, alishangaa. Katika ndege 25 waliorushwa, Butler alimkosa mmoja, msichana hakukosa. Mwanamume mwingine angeondoka na kinyongo. Butler alimpenda, wakaoana, na mwaka wa 1882 wakaanza kuonekana pamoja jukwaani, ambako mke alijichagulia jina la Annie Oakley. Punde mume aliona wazi ni nani kati yao ambaye watu walikuja kumtazama. Akaiweka bunduki yake chini, akawa mwenye kumpangia mkewe safari, kumlindia mikataba na kumshikia shabaha mkononi. Sijui ni wanaume wangapi wa siku zetu wanaoweza hilo, sembuse wa karne ya kumi na tisa.

Huenda mwanafunzi akauliza, je, ulikuwa uchawi? La hasha. Kitu kinachorushwa juu hupunguza mwendo kadiri kinavyopanda, na kinapofika kileleni husimama kufumba na kufumbua kabla ya kuanza kuanguka. Mlenga shabaha hodari huingoja nukta hiyo. Kinachopita kwa upande nacho hakilengwi kilipo, hulengwa mbele yake, kwa kuwa risasi nayo huhitaji muda wa kufika. Anayelenga kinyumenyume kwa kutazama kioo hana budi kuuzoeza mkono kwenda upande ambao jicho linaukataa. Fauka ya hayo, ndani ya viwanja vya maonyesho wengi wa mabingwa hao walitumia marisau, yaani punje ndogondogo, ili risasi nzima isivuke na kumjeruhi mtazamaji. Penye watu wasiojua hatari, ustadi wa kwanza ni kuwalinda.

Oakley aliyaweza yote hayo. Alilenga kwa kioo akiwa ameipa shabaha mgongo. Aliirukia meza, akaiokota bunduki na kuvivunja visahani vya udongo vikiwa bado hewani. Aliitoboa karata hata ikawa tikiti za bure, ambazo huko Marekani zilitobolewa tundu, zikaitwa kwa jina lake. Kabla ya kujiunga na kundi kubwa lililompa umaarufu, aliwahi kulenga matufe ya kioo 5,000 kwa siku moja, akizijaza bunduki zake mwenyewe, akayavunja 4,772. Yaliyosalia, 228, yaliandikwa kuwa aliyakosa. Ndiyo kanuni ya kazi hiyo: kila risasi huhesabiwa, iliyopata na iliyokosa, na hakuna anayeruhusiwa kudai asichokipiga.

Mnamo mwaka wa 1885 alijiunga na maonyesho ya Buffalo Bill, yaliyoigiza maisha ya magharibi mwa Marekani. Mwaka huo huo alikuwamo ndani yake Sitting Bull, kiongozi mashuhuri wa Walakota, ambaye alikuwa amekwisha kumfanya Oakley kuwa binti yake wa hiari na kumpa jina lenye maana ya mdogo asiyekosa shabaha. Mwaka wa 1887 walivuka bahari hadi London, wakati Malkia Victoria alipokuwa akiadhimisha miaka 50 ya utawala wake, na mwaka wa 1889 wakaenda Paris. Mnamo 1894 alipigwa picha za sinema na kampuni ya Thomas Edison, sinema ingali changa kabisa. Mwaka wa 1901 treni ya kundi lao iligongana na nyingine katika jimbo la North Carolina, akaumia, na baada ya hapo akaliaga kundi la Buffalo Bill.

Alikuwa ametimiza miaka 40 na ushei. Alikuwa na mume mwema, jina zuri na pesa za kutosha. Angeweza kupumzika.

Ndipo, tarehe 11 Agosti 1903, magazeti ya tajiri William Randolph Hearst mjini Chicago yakatangaza kwamba Annie Oakley amekamatwa na kufikishwa mahakamani kwa kuiba suruali ya mwanamume ili apate pesa za kununua kokeini. Habari hiyo ikarushwa kwa telegrafu, na magazeti ya miji mingine, makubwa kwa madogo, yakaichapisha. Oakley alikuwa mbali kabisa na Chicago. Aliyekamatwa alikuwa mchezaji mwingine wa jukwaani aliyewahi kutumia jina linalofanana na lake, na mwandishi aliyeiandika habari hiyo hakujisumbua kuhakikisha. Telegramu moja tu ingetosha kuupata ukweli.

Magazeti mengi yalipotambua kosa yalisahihisha na kuomba radhi. Pengine watu walimshauri ayasahau, kwani sisi sote hupenda kumshauri aliyeumizwa asahau. Lakini Oakley alijua kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Aliyesoma leo kwamba fulani ni mwizi si lazima asome kesho kwamba si yeye. Isitoshe, alikuwa mwanamke aliyetafuta riziki jukwaani katika zama ambapo mwanamke wa jukwaani alidhaniwa hana staha. Kwa miaka mingi alikuwa ameilinda staha yake kwa mavazi na mwenendo. Jina hilo ndilo alilojichagulia na kulijenga risasi kwa risasi, na sasa lilikuwa limeibwa kwa siku moja.

Akayashtaki magazeti 55. Ilimchukua hadi mwaka wa 1910 kuyamaliza mashtaka hayo, akisafiri kutoka mji hadi mji kutoa ushahidi mwenyewe na kuhojiwa na mawakili, huku nafasi za maonyesho na mapato yake zikipita. Hearst kwa upande wake alimtuma mpelelezi hadi wilaya ya Darke akachimbue aibu yoyote ya zamani. Mpelelezi alirudi mikono mitupu. Mwishoni Oakley alishinda au kulipwa fidia katika kesi 54 kati ya zile 55, na bado pesa zote alizopata hazikufikia gharama alizotumia. Kwa hesabu za duka, alipata hasara. Kwa hesabu zake mwenyewe, jina lilirudi.

Baada ya hapo aliendelea na kazi, na zaidi ya yote akawa mwalimu. Yakadiriwa kwamba katika maisha yake aliwafundisha zaidi ya wanawake 15,000 kutumia bunduki. Mwaka wa 1922 aliumia katika ajali ya gari huko Florida, akalazimika kuvaa chuma mguuni, naye akarudi tena uwanjani na chuma chake. Alifariki mjini Greenville tarehe 3 Novemba 1926, akiwa na miaka 66. Frank Butler alimfuata siku 18 baadaye.

Na hata kaburini hakuachwa salama. Mwaka wa 1946 ilionyeshwa New York tamthilia ya nyimbo kuhusu maisha yake, iliyopendwa mno, ambayo ndani yake Oakley hushindwa kwa makusudi ili asimpoteze mwanamume anayempenda. Ukweli, kama tulivyoona, ni kinyume: alimshinda, na kwa kumshinda akampata. Walimu wanaowasomesha wasichana wangefanya vyema kulieleza hilo, kwani wako wanaodhani hadi leo kwamba msichana akitaka kupendwa yampasa ajifanye hajui.

Ila nililotaka hasa kulisema linatuhusu sote, wasichana kwa wavulana, walimu kwa wanafunzi, na sisi tunaoandika magazetini mbele yao. Kalamu ya mwanafunzi hupotea bwenini, na jina la mwenzake likatajwa kabla hata mkoba haujapekuliwa. Mwalimu huhamishwa ghafla, na kufikia jioni mtaa mzima una sababu yake, ambayo hakuna aliyeiuliza ofisini. Siku hizi habari ya namna hiyo haihitaji telegrafu wala gazeti. Yatosha simu moja mkononi, nayo huwa imefika kaunti ya pili kabla mhusika hajamaliza chai yake. Na pale jina la mtu linapookolewa, kama linaokolewa, mara nyingi ni yeye mwenyewe aliyebeba gharama, ilhali walioeneza wamekwisha kupata jambo jingine la kuzungumza.

Wengi wetu hatuna miaka saba ya kutembea mahakamani wala pesa za mawakili. Ndiyo maana nawaomba walimu wenzangu, mwanafunzi anapowajia na habari ya mwenziwe, wasimwambie tu kwamba umbea ni dhambi. Wamuulize maswali matatu: nani aliyeona kwa macho yake, alikuwa wapi alipoona, na je, mwenyewe anayetajwa ameulizwa? Maswali hayo hayo mhariri angemuuliza yule mwandishi wa Chicago mwaka wa 1903, na Annie Oakley angebakia uwanjani akivunja matufe yake ya kioo. Lilisemwa, likachapishwa, likasomwa Marekani nzima. Halikuwapo, wala halikuja.