Okot p'Bitek: Jamaa aliyetaka jukwaa litoke nje

Wewe na marafiki zako mmeamua kuanzisha matembezi ya kumbi za maigizo hapa Nairobi. Poa sana. Jumamosi asubuhi mnapanda mathree Dagoretti Corner, mnashuka mjini, mnatembea kutoka Moi Avenue hadi Harry Thuku Road, na kila mnaposimama kuna maswali ya chemsha bongo: nani alitunga nini, ikaonyeshwa wapi, mwaka gani. Lakini kabla hujasambaza bango, hebu angalia orodha yako. Okot p'Bitek yumo?

Najua utasema huyo ni mshairi, tena wa Uganda, yule wa Lawino. Ngoja kwanza.

Swali la kufungulia: mwaka 1949 kulitokea nini kwenye tamthilia za muziki? Mtu wa filamu za zamani atajibu haraka kwamba South Pacific ilifunguliwa Broadway, New York. Ni kweli. Lakini mwaka huohuo, kijana wa miaka kama 18, mwanafunzi wa King's College Budo karibu na Kampala, alitunga opera yake mwenyewe, akaiita Acan, akaipandisha jukwaani. King Kong, ile tamthilia ya muziki ya Afrika Kusini iliyomtangaza Miriam Makeba, ilikuja miaka kumi baadaye, 1959. Sarafina! ni ya 1987. Kwa hivyo mtu akikuambia eti haya mambo ya kuigiza kwa nyimbo tumeletewa juzi, jibu unalo.

Kijana huyo alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Baba yake alikuwa mwalimu. Mama yake, Lacwaa, alikuwa mwimbaji na mchezaji ngoma ambaye watu walimjua. Kama unatafuta ni wapi Okot alisomea sanaa, anza kwa huyo mama, halafu ndio utaje shule.

Mwaka 1953 alitoa riwaya kwa Kiacholi, Lak Tar, ya kijana anayekwenda Kampala kusaka pesa za mahari na mji unamtafuna. Hadithi hiyo ungeweza kuihamishia Kawangware leo bila kubadilisha mengi. Alifundisha shule, akaimba, akacheza mpira. Mpira wenyewe haukuwa wa kupitisha wakati: mwaka 1956 alikuwa kwenye timu ya taifa ya Uganda iliyozuru Uingereza, timu ambayo watu bado wanaikumbuka kwa kucheza pekupeku. Wenzake waliporudi nyumbani, yeye alibaki kusoma. Alisomea ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha anthropolojia Oxford.

Oxford ndipo alipokasirika. Mihadhara ilikuwa juu ya watu kama mama yake, na maneno ya wahadhiri yalikuwa washenzi, wasiostaarabika, watu wa kale. Okot alipinga darasani, na hakuacha kupinga. Miaka mingi baadaye, 1970, aliandika kitabu kizima akiwashtaki wasomi wa Magharibi kwa namna walivyozieleza dini za Waafrika. Hasira hiyo inafaa uibebe kwenye matembezi yako, kwa sababu ndiyo iliyoamua anavyofikiria jukwaa.

Aliporudi Uganda miaka ya sitini mwanzoni, angeweza kutulia ofisini na vyeti vyake. Badala yake alianzisha tamasha la Gulu, wachezaji ngoma na waimbaji wa vijijini wakiwa ndio wageni wa heshima. Kisha mwaka 1966 akapewa National Theatre ya Kampala aiongoze. Jumba hilo lilifunguliwa 1959, enzi za ukoloni, na mambo yaliyoonyeshwa mle yalifuata ladha ya waliolijenga. Okot akaanza kuwaingiza watu wa ngoma. Kwake, ngoma ya vijana wa Kiacholi, ile ya larakaraka ambapo mvulana na msichana wanatazamana huku vibuyu vikigongwa, ilikuwa tamthilia kamili: ina muziki, ina mavazi, ina wahusika, na mwisho wake unaweza kuwa ndoa. Haihitaji pazia. Na anayetazama dakika hii anaweza kuwa anacheza dakika inayofuata.

Mwaka uleule, nyumba ya uchapishaji ya East African Publishing House, iliyokuwa hapahapa Nairobi, ilitoa Song of Lawino. Mwanamke mmoja anazungumza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mumewe, Ocol, amesoma, amempata Clementine anayejipaka poda, na sasa mila za nyumbani zinamtia aibu. Kuna sehemu ndefu ambapo Lawino analinganisha dansi ya kizungu na ngoma za kwao, na hapo Okot anajibu Oxford na National Theatre kwa pamoja. Lawino anashangaa watu wazima wanaojifungia ndani ya chumba chenye moshi na kushikana mbele za watu. Kwao ngoma ni nje, uwanjani, na kila mtu anaonekana. Soma sehemu hiyo kwa sauti uone. Inataka mdomo na mwili, macho peke yake hayatoshi. (Ukiitaka kwa Kiswahili, Paul Sozigwa aliitafsiri kuwa Wimbo wa Lawino.) Okot alimpa Ocol kitabu cha kujibu mwaka 1970, Song of Ocol, lakini mimi naona mume hakutendewa haki. Lawino amepewa utani na nyimbo zote nzuri, Ocol amebaki na kelele.

Kazi ya Kampala haikudumu. Serikali ya Obote haikumpenda mtu mwenye mdomo, akaondolewa, akahamia Kenya. Alianzia Kisumu, kwenye masomo ya nje ya chuo kikuu, na hata huko akaanzisha tamasha la sanaa, 1968. Kuanzia 1971 hadi 1978 alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Idi Amin alikuwa ameshika nchi, kwa hivyo nyumbani hakukurudika.

Sasa tembea naye. Simama Moi Avenue kwenye sanamu ya Tom Mboya. Mboya alipigwa risasi barabara hiyohiyo, wakati ikiitwa Government Road, tarehe 5 Julai 1969. Miaka miwili baadaye Okot alitoa Song of Prisoner, sauti ya mtu aliyefungwa na kupigwa selini, na wasomaji wengi wameisoma wakimfikiria Mboya. Utungo huo, ukiwa pamoja na Song of Malaya, ulimpa tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1972. Jambo la kuwaambia wenzako hapo ni hili: mfungwa huyo, baada ya kulaani kila mtu, mwishoni anachotaka ni kucheza ngoma. Anataka ngoma ya huku na ya kule, zote.

Pandeni juu hadi chuo kikuu. Usikae sana hapo, ila taja kwamba Okot aliingia wakati kina Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walikuwa wameshadai, 1968, kwamba idara ya Kiingereza ifutwe na fasihi ya Afrika iwe katikati, pamoja na ile ya mdomo. Okot alikuwa tayari anaishi hivyo. Wanafunzi wake walimkuta darasani na pia kwenye meza za baa, na mara nyingine hakukuwa na tofauti kubwa. Hiyo ilimjengea jina na pia ilimchosha mwili.

Kisha Kenya National Theatre, ng'ambo ya hoteli ya Norfolk. Jumba hili lilifunguliwa Novemba 1952, wiki mbili tu baada ya hali ya hatari kutangazwa. Hapa ndipo swali lako gumu zaidi la chemsha bongo lilipo. Oktoba 1976, The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo, pamoja na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, zilipotaka nafasi, zilibanwa kwa siku chache. Zilibanwa na nini? Na bale ya Wafaransa, na tamthilia ya muziki ya Marekani: A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, ya Stephen Sondheim. Miaka kumi na mitatu baada ya uhuru, kwenye jumba la taifa, Kimathi anapishana na vichekesho vya Roma ya kale! Mimi sina ubaya na Sondheim. Ugomvi ulikuwa juu ya nani anashika kalenda.

Usiku Kimathi ilipofunguliwa, watazamaji waliungana na waigizaji kwa wimbo wa mwisho, wakacheza hadi nje ya jumba. Okot alikuwa akiishi mji huuhuu. Kile alichokuwa amehangaika kukifanya Kampala kilitokea Harry Thuku Road, bila yeye kukipanga.

Alikwenda Ife, Nigeria, 1978, na Amin alipoanguka mwaka uliofuata akarudi Uganda. Mwaka 1982 Makerere ilimpa uprofesa wa utunzi. Alifundisha kwa miezi michache tu. Alifariki Kampala tarehe 20 Julai 1982, akiwa na umri wa miaka 51.

Kwa hivyo ukipanga kituo cha mwisho, usilipie viti vya ndani. Wasimamishe wenzako uwanjani pale mbele ya National Theatre, mwenye ngoma aipige, mmoja awe Lawino. Askari wa langoni akiuliza mnafanya nini, mwambie ni maigizo, na anaweza kusogea karibu.