William Paley: Kijana Aliyefufua Redio Iliyokuwa Taabani

Mwaka wa 1928 ndio mwaka redio ilipoanza kusikika hapa Kenya, tena kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Mwafrika hakuwa na chake hapo. Mwaka uo huo, kule Marekani, kampuni moja ya utangazaji ilikuwa taabani ikitafuta wa kuiokoa. Aliyeiokoa hakuwa fundi wa mitambo wala mtangazaji. Alikuwa mtoto wa mtengenezaji sigara!

Huyo ni William Paley, aliyezaliwa Chicago tarehe 28 Septemba 1901. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia huko kutoka Ukraini. Babake, Samuel, alikuwa na kampuni ya sigara nene za majani ya tumbaku. William alisomea biashara chuoni, kisha akaingia kazi kwa babake. Huko ndiko alikoonja utamu wa redio, maana walipodhamini kipindi, mauzo ya sigara yalipanda vibaya sana. Basi Septemba 1928, akiwa bado hajatimiza miaka 27, jamaa yake wakanunua hisa nyingi za ile kampuni naye akawa mkuu wake.

Sasa shida ilikuwa nini? Kampuni ilikuwa na vituo 16 tu, na ilikuwa imeahidi kulipa kila kituo dola 500 kwa wiki kwa saa 10 za kutangaza, wadhamini waje wasije. Wadhamini hawakuja, pesa zikaisha. Paley akaligeuza jambo lenyewe juu chini. Akavipa vituo vipindi vya bure vya kujaza saa zao, navyo vikampa zile saa alizotaka yeye za kuuzia matangazo ya biashara. Wapinzani wake, NBC, walikuwa wakivitoza vituo pesa kwa vipindi kama hivyo. Nani atakataa cha bure? Katika muda wa miaka kumi hivi vituo vilifika 114, na jina la CBS likavuma nchi nzima. (Hata sisi hapa Machakos tukisikiliza Musyi FM ndani ya matatu, ni matangazo ya biashara yanayolipia ule muziki.)

Lakini pesa si kila kitu. Mwaka 1940 mtangazaji wake, Edward Murrow, aliripoti kutoka London mabomu ya Wajerumani yakianguka, na Wamarekani wakavisikia vita wakiwa sebuleni. Mwaka 1954 Murrow huyo huyo alimkabili kwenye televisheni Seneta Joseph McCarthy, aliyekuwa akiwatia watu hofu kwa kuwaita wakomunisti. Paley hakukizuia kipindi. Ila kampuni ilikataa kulipia tangazo lake gazetini, Murrow na mwenzake Fred Friendly wakatoa pesa mfukoni mwao. Mwaka 1958 kipindi hicho kikafungwa, kwa kuwa mashindano ya maswali na zawadi yalileta faida zaidi.

Kwa maoni yangu hapo Bwana Paley alikosea, kwani habari ndizo zilizowafanya watu waiamini CBS. Wenzangu darasani wananipinga, eti bila faida hata mshahara wa Murrow ungetoka wapi?

Murrow aliondoka mwaka 1961. Paley aling'ang'ania kiti mpaka uzeeni, na alipofariki New York tarehe 26 Oktoba 1990, akiwa na miaka 89, alikuwa bado mwenyekiti.