Eugene Houdry, fundi wa vifaru aliyebuni 'masega' ya ekzosi

PIKAPU kuukuu ya petroli ikianza kushindwa kupanda milima ya Ngara na mzigo wa ndizi, ushauri unaotolewa mara nyingi gereji ni mmoja: toa masega. Ekzosi inakatwa, kilichomo kinapondwa na kumwagwa, bomba linachomelewa tena likiwa tupu. Wakati mwingine waya wa sensa na mipira midogo ya hewa iliyokuwa karibu nayo huchomolewa pia, kwa maelezo kwamba vyote hivyo ni vya Wazungu na baridi yao.

Aliyebuni masega hayo hakuwa adui wa nguvu ya injini. Alikuwa mpenzi wa magari ya mashindano, na maisha yake karibu yote aliyatumia kutafuta petroli yenye nguvu zaidi.

Eugene Houdry alizaliwa Aprili 18, 1892 huko Domont, karibu na Paris, Ufaransa. Baba yake alikuwa na kiwanda cha chuma. Kijana alisomea uhandisi wa mitambo, akamaliza mwaka 1911 akiwa wa kwanza darasani, na alikuwa pia nahodha wa timu ya soka. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilimkuta akiwa bado kijana. Aliingia kikosi cha vifaru, na mwaka 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Juvincourt. Nishani aliyopewa ilitokana na kazi ambayo fundi yeyote wa barabara ya Rusumo ataielewa: alisimamia matengenezo ya vifaru vilivyoharibika huku risasi zikiendelea kunyesha.

Baada ya vita alirudi kwenye biashara ya familia, lakini moyo ulikuwa kwenye magari. Alikwenda Marekani kuona mashindano ya Indianapolis na kiwanda cha Ford. Aliporudi alikuwa na jambo moja kichwani, kwamba injini zimekwenda mbele na petroli imebaki nyuma.

Wakati huo njia ya kuongeza petroli ilikuwa kuyapika mafuta mazito kwa moto na shinikizo. Houdry alijaribu njia ya kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kuliwa. Alijaribu vitu vingi mno, na mwaka 1927 udongo maalumu ulimpa petroli nzuri. Tatizo lilikuwa masizi. Baada ya muda mfupi kichocheo kilifunikwa na kaboni na kuacha kufanya kazi. Wengine walikuwa wameishia hapo. Yeye alipitisha hewa ya moto, akayachoma masizi, kichocheo kikaamka na kuanza kazi upya.

Utajiri haukuja mara moja. Mtambo wake wa kutengeneza petroli kutokana na makaa ya mawe duni ulionyeshwa mwaka 1929, ukaonekana hauna faida, serikali ya Ufaransa ikaacha kuusaidia. Mwaka 1930 alihamia Marekani, na mwaka 1937 kampuni ya Sun Oil ilifungua mtambo mkubwa wa njia yake huko Marcus Hook, Pennsylvania. Katika Vita ya Pili sehemu kubwa ya petroli ya ndege za Marekani na washirika wake ilitokana na njia hiyo. Kwa kuwa alimuunga mkono Jenerali de Gaulle, serikali ya Vichy ilimnyang'anya uraia wa Ufaransa. Mwaka 1942 akawa raia wa Marekani.

Alikuwa anakaribia miaka 60 alipogeukia upande wa pili wa injini, pale moshi unapotokea. Ukungu mchafu wa jiji la Los Angeles ulikuwa umeanza kuchunguzwa, na Houdry alihofia madhara yake kwenye mapafu ya watu. Karibu na mwaka 1950 alianzisha kampuni ya Oxy-Catalyst. Bidhaa zake za mwanzo hazikuwa za magari ya barabarani. Zilifungwa kwenye mabomba ya moshi ya viwanda na kwenye mashine za kunyanyulia mizigo ndani ya maghala, ambamo kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inaweza kumuua mtu kabla hajajua anaumwa nini. Mkulima anayeacha pikapu ikinguruma ndani ya ghala la mahindi milango ikiwa imefungwa yumo katika hatari hiyo hiyo.

Mwaka 1956 alipata hataza ya kifaa cha ekzosi ya gari. Ndani yake moshi unapita juu ya kichocheo, na kaboni monoksaidi na petroli ambayo haikuungua vinamaliziwa kuungua. Ila soko halikuwapo. Petroli ya miaka hiyo ilitiwa madini ya risasi, na risasi si masizi: ikiganda juu ya kichocheo hakuna hewa ya moto ya kuiondoa. Houdry alifariki Julai 18, 1962 bila kuona magari ya kawaida yakiuzwa na kifaa chake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1970 ndiyo iliyolazimisha, na kuanzia magari ya 1975 masega yakaenea, pamoja na petroli isiyo na risasi.

Afrika kusini mwa Sahara ilimaliza petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006. Kabla ya hapo, gari lililoshuka bandari ya Dar es Salaam na masega yake lilikuwa likiyaua kila linapojaza mafuta, na fundi aliyeyatoa alikuwa na hoja.

Leo masega yakiziba, sababu iko nyuma yake: plagi isiyochoma vizuri, injini inayokula oili au mafuta yanayozidi kipimo. Masizi machache yanaweza kuungua injini ikitengenezwa na gari likitembea na joto la kutosha. Majivu ya oili hayaungui, na masega yaliyoyeyuka ndiyo basi tena. Kuyatoa kunarudisha pumzi ya injini kwa muda, huku ugonjwa ukiendelea. Kuchomoa sensa ya oksijeni ni hasara zaidi, kwa kuwa kompyuta ya gari haijui tena kupima mchanganyiko na mara nyingi huongeza petroli. Mpira wa hewa ulioachwa wazi nao huvuta hewa isiyotakiwa, silensa ikayumba.

Kichocheo cha kisasa si udongo tena. Ni platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei kubwa yaliyopakwa kwa tabaka jembamba sana, na ndiyo maana wako wanunuzi wanaoyasaka masega yaliyotolewa kwenye magari. Mwenye pikapu anayekubali yatolewe bure anapaswa kuuliza yanakwenda wapi.