Pryce-Jones, muuza vitambaa aliyebaki na mabegi 17,000 ya kulalia

Mfanyabiashara yeyote wa Tunduma anaijua hofu hii. Mzigo umeshaufunga, mtaji wote uko humo, unasubiri tu uvuke kwenda Nakonde na mbele yake. Halafu simu inaita: bosi, ule mzigo basi, hatuuhitaji tena.

Hofu hiyo ilimkuta mtu mmoja mwishoni mwa mwaka 1877, mbali kabisa na hapa, katika mji mdogo wa Newtown huko Wales. Aliitwa Pryce Jones. Mteja wake lilikuwa jeshi la Urusi. Na mzigo uliombakia mikononi ulikuwa mabegi 17,000 ya kulalia.

Leo ukiona mpanda mlima anaingia kwenye begi lake la kulalia na kujifunga mpaka shingoni, ujue mzee huyu ana mkono wake humo.

Kijana wa dukani

Jones alizaliwa Oktoba 16, 1834, kando tu ya Newtown. Shule aliiacha akiwa na miaka 12, akapelekwa kujifunza kazi kwenye duka la vitambaa la John Davies. Kazi za kijana wa dukani ni zilezile kokote: kukunja, kupima, kufagia, kubeba. Alizifanya miaka mingi, na alipofika umri wa miaka ishirini na kitu, duka likawa mikononi mwake.

Newtown ilijulikana kwa kitu kimoja: flaneli, kitambaa laini cha sufu ya kondoo. Shida ni kwamba viwanda vikubwa vya kaskazini mwa Uingereza vilikuwa vinafuma kwa wingi na kwa bei ya chini. Mji ulikuwa unashindwa mashindano, na mwenye duka la flaneli alitakiwa atafute wanunuzi nje ya mji au afunge.

Kuuza kwa barua

Kilichomwokoa ni reli. Ilifika Newtown mwishoni mwa miaka ya 1850, na miaka michache baadaye ikaunganishwa na miji mikubwa. Posta nayo ilikuwa inafanya kazi vizuri.

Mwaka 1861 Jones akaanza kuuza kwa barua. Alituma orodha ya bidhaa na bei zake, mteja akachagua akiwa nyumbani kwake, akaandika barua, na mzigo ukamfuata kwa treni na posta. Wengi wanaitaja biashara hii kuwa ya kwanza ya aina yake kwa ukubwa huo.

Kwa mtu wa Tunduma jambo hili halina ugeni. Mama mwenye duka la vitenge anapiga picha, anaiweka kwenye kundi la WhatsApp, mteja wa Sumbawanga anatuma hela kwa simu, na furushi linapakiwa kwenye basi. Jones alifanya hivyohivyo miaka zaidi ya 160 iliyopita, ila yeye alitumia karatasi na wino.

Biashara ilikua haraka. Florence Nightingale, yule muuguzi maarufu, alikuwa mteja wake. Malkia Victoria pia. Kufikia mwaka 1880 wateja walikuwa wamepita 100,000. Mwaka 1879 alijenga ghala kubwa la matofali karibu na stesheni ya treni ya Newtown, akaliita Royal Welsh Warehouse.

Begi lenye mto ndani yake

Katikati ya mafanikio hayo ndipo likaja wazo la begi. Mwaka 1876 alisajili hataza ya kitu alichokiita Euklisia Rug.

Kwa kukitazama, kilikuwa blanketi la sufu tu. Lakini upande wa kichwani lilishonewa mfuko, na ndani ya mfuko ukakaa mto wa mpira wa kupulizwa. Unaupuliza mto, unalaza kichwa, kisha unalikunja blanketi likufunike na kulifunga. Zipu hazikuwepo bado. Asubuhi unautoa mto upepo, unaviringisha kila kitu, unabeba begani.

Siri ya begi la kulalia ni hewa. Lenyewe halitoi joto hata kidogo. Joto linatoka mwilini, na kazi ya begi ni kuikamata ile hewa iliyopata joto isitoroke. Blanketi la kawaida ukigeuka tu usiku linafunguka, baridi inaingia kwa mgongoni. Aliyelala ndani ya begi anaweza kugeuka atakavyo, hewa yake anabaki nayo.

Jones hakuwa wa kwanza kuwaza hivi. Watu wa nchi za barafu walilala ndani ya mifuko ya manyoya tangu zamani. Mwandishi Robert Louis Stevenson naye, mwaka 1878, alizunguka milima ya Cévennes huko Ufaransa na punda wake akiwa na begi la kulalia alilojitengenezea, turubai nje na manyoya ya kondoo ndani. Tofauti ya Jones ni kwamba Stevenson alijitengenezea moja. Yeye alitengeneza maelfu, yote ya aina moja, na akawa na njia ya kuyafikisha kwa mnunuzi.

Oda ya vita

Mwaka 1877 Urusi iliingia vitani na Dola ya Uturuki. Kuanzia Julai, majeshi ya Urusi na washirika wake yaliuzingira mji wa Plevna, katika Bulgaria ya leo. Miezi ikapita, baridi ikaingia, askari wako nje. Jeshi linalolala nje kwenye baridi kali linahitaji kitu cha kujifunika, tena kwa haraka. Jones alikuwa nacho. Hesabu inayotajwa ni mabegi 60,000 kwa ajili ya askari wa Urusi. Kwa mji mdogo kama Newtown, oda kama hiyo ni neema.

Desemba 10, 1877, Plevna ikaanguka. Kwa Warusi ilikuwa furaha. Kwa Jones ilikuwa habari mbaya, maana wakakatisha oda. Yakabaki mabegi 17,000 bila mwenyewe.

Hapo ndipo wengi huishia. Begi la kulalia halikuwa kitu ambacho mwanakijiji wa Wales angenunua kwa ajili ya kitanda chake. Soko lake lilikuwa vita, na vita ile ilikuwa inaelekea mwisho.

Jones hakukaa kulia. Aliyaingiza mabegi kwenye orodha yake ya bidhaa, akabadilisha mteja. Akayatangaza kuwa matandiko ya bei nafuu kwa mashirika ya hisani yanayosaidia maskini. Kitu kilichoshonwa kwa ajili ya askari kikawa sasa cha mtu asiye na kitanda. Baadaye jeshi la Uingereza nalo likayatumia, na mengine yakavuka bahari hadi Australia, kwa watu waliolala porini wakichunga mifugo na kusafiri nchi kavu isiyo na nyumba.

Kwa hiyo mabegi yaliyokataliwa ndiyo yaliyolitangaza begi. Lilitoka jeshini, likapita kwa maskini, likafika kwa wasafiri wa porini, na wasafiri ndio waliobaki nalo mpaka leo.

Sir na mbunge

Mwaka 1887 Malkia Victoria alimpa cheo cha Sir, na kuanzia hapo akatumia jina la Pryce Pryce-Jones. Aliingia bungeni mara mbili kwa tiketi ya Conservative akiwakilisha Montgomery Boroughs, kati ya 1885 na 1886, kisha 1892 hadi 1895. Yule kijana aliyeacha shule akiwa na miaka 12 akawa anakaa na watunga sheria.

Alifariki Januari 11, 1920, akiwa na miaka 85. Kampuni haikudumu sana bila yeye. Hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1920 na 1930 iliibana, na mwaka 1938 ikauzwa kwa kampuni ya Lewis's ya Liverpool. Ghala la matofali bado limesimama Newtown. Begi lenyewe la asili halijulikani kubakia hata moja. Mwaka 2010 ilibidi litengenezwe la mfano kwa kufuata maelezo ya hataza yake, ili watu walione.

Kutoka Newtown hadi Mbozi

Kazi aliyoianza imegawanyika sana siku hizi. Watengenezaji hawatoi begi moja kwa wote. Lipo jepesi la usiku wa joto, lipo la baridi ya kawaida, na lipo la barafu, lililojazwa manyoya laini ya bata au nyuzi za kiwandani. Anayekwenda kilele cha Kibo, ambako usiku joto linashuka chini ya nyuzi 0, akibeba begi la ufukweni atakesha akitetemeka.

Songwe nayo ina baridi yake. Anayepiga hema nyanda za juu za Mbozi au Ileje mwezi Juni au Julai ataionja vizuri, na dereva na utingo wanaosubiri foleni ya mpakani Tunduma usiku hawahitaji kuelezwa. Kwa hao wote kanuni ni mbili. Kwanza, begi liwe kavu, maana likilowa hewa yake imekwisha. Pili, lazima kuwe na kitu chini yake, hata mkeka au godoro jembamba, kwa sababu ardhi inavuta joto la mwili, na upande unaoulalia begi hugandamizwa likakosa hewa.

Na kwa yule mwenye mzigo uliokwama stoo, yapo ya kujifunza kwa muuza vitambaa wa Newtown. Mabegi yake hayakubadilika hata uzi mmoja baada ya Desemba 1877. Alichobadilisha ni mtu wa kumuuzia.