Salman Al-Farisy na Miche 300 ya Uhuru Wake

Kila mwezi wa Ramadhani, adhana ya magharibi inapolia, mkono wa Muislamu wa pwani huenda kwanza kwenye tende. Ni wachache kati yetu wanaokumbuka wakati huo kwamba yuko Sahaba mmoja mkubwa ambaye mitende ndiyo iliyomtoa utumwani. Sahaba huyo ni Seyyidna Salman Al-Farisy, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Maisha yake yana funzo kwa kila anayetaka kuotesha mti, awe mkulima au mtoto wa shule.

Kama ilivyopokewa katika vitabu vya sira, Salman alitoka Uajemi, katika kijiji cha Jayy karibu na Isfahan. Baba yake alikuwa mkuu wa kijiji na mwenye mashamba, mfuasi wa dini ya Kimajusi, na Salman alipewa kazi ya kuutunza moto wao usizimike. Siku moja alitumwa shambani, akapita penye kanisa na kuwasikia Wakristo wakisali. Tangu hapo moyo wake haukutulia. Alitoroka kwao akaenda Sham, kisha Mosul, Nasibin na Ammuria, akisoma kwa mtawa mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho wao, alipokaribia kufa, alimweleza kuwa Mtume atatokea kwa Waarabu, naye atahamia nchi ya mitende iliyo baina ya ardhi mbili za mawe meusi.

Salman aliwapa wasafiri wa kabila la Kalb ng'ombe na kondoo wake ili wamfikishe huko. Walipofika Wadil-Qura walimgeuka, wakamuuza. Baadaye alinunuliwa na mtu wa Bani Quraidha, akapelekwa Madina. Mara alipoiona mitende alijua amefika alikokuwa akikutafuta. Lakini alikuwa amefika akiwa mali ya mtu.

Mwaka 622 alikuwa juu ya mtende akimfanyia kazi bwana wake aliposikia kuwa Mtume Muhammad (S.A.W.) amewasili Quba. Alitetemeka hata nusra aanguke. Alisilimu, ila utumwa ulimzuia kuhudhuria vita vya Badr mwaka 624 na vya Uhud mwaka 625. Ndipo Mtume alipomshauri aandikiane na bwana wake mkataba wa kujikomboa. Bwana alitaka miche 300 ya mitende, ipandwe na ishike, pamoja na wakia 40 za dhahabu.

Haya hayakuwa malipo madogo. Mtende huota kwa kokwa, lakini mitende iko ya kiume na ya kike, na wa kiume hauzai. Zamani aliyepanda kokwa hakuweza kujua amepata upi mpaka mti utoe maua, na hata ukiwa wa kike, tende zake huenda zisifanane na za mama yake. Kwa hiyo wakulima wa mitende huchukua machipukizi yanayotoka ubavuni mwa shina la mtende mchanga. Chipukizi huwa sawa na mama yake kwa jinsia na kwa tunda. Lakini kila mtende hutoa machipukizi machache tu, nayo yakikatwa bila mizizi, au yakiachwa yakauke, hufa. Mtumwa asiye na shamba angepata wapi 300?

Mtume aliwaomba Masahaba wamsaidie ndugu yao. Mmoja alileta miche 30, mwingine 20, mwingine 15, mwingine 10, kila mtu kwa kadiri ya alichonacho, mpaka ikatimia. Kisha Salman aliambiwa aende akachimbe mashimo yote kwanza. Wenzake walimsaidia kuchimba. Mashimo yalipokwisha Mtume alikuja mwenyewe. Wao wakawa wanampa miche, naye anaitia ardhini kwa mikono yake mitukufu. Haukufa hata mche mmoja. Dhahabu nayo ilipatikana, na Salman akawa huru.

Vita vyake vya kwanza vilikuwa vya Khandaq, mwaka 627, ambapo yeye ndiye aliyetoa shauri la kuchimba handaki kuulinda mji. Katika ukhalifa wa Seyyidna Umar alifanywa gavana wa Madain. Mshahara wake aliutoa sadaka, akala kwa jasho la kusuka makuti ya mtende. Alinunua makuti ya dirhamu moja, akauza kazi yake kwa dirhamu tatu: moja ya kununulia makuti mengine, moja ya kulisha watu wake, na moja ya sadaka. Alifia huko Madain, na kaburi lake lipo mahali paitwapo Salman Pak, karibu na Baghdad.

Sisi wa pwani tuna mti wetu wa asili ulio wa jamaa moja na mtende, nao ni mkindu. Ukindu wake ndio unaosukiwa mikeka na misala tunayosalia. Nao pia una wa kiume na wa kike, na huota kwa mbegu na kwa machipukizi. Mwalimu wa shule au wa chuoni anaweza kuwafundisha watoto kazi hii bila gharama. Tunda bivu huondolewa nyama, kokwa ikarowekwa na kupandwa ndani ya kopo lililotobolewa chini, likawekwa kivulini na kumwagiliwa maji. Chipukizi hutolewa pamoja na mizizi yake, majani yakapunguzwa, likapandwa siku hiyo hiyo mahali penye unyevu, masika yanapoanza.

Lakini wajifunze zaidi ule mpango wa Madina. Mara nyingi sisi huleta miche kwa shangwe kabla ya kuchimba hata shimo moja, nayo hukauka pembeni ya ukuta. Kwa Salman shimo lilitangulia mche, kila mtu alileta alichonacho, na aliyekuwa mkubwa kuliko wote hakuona haya kushika udongo. Mtoto akilelewa hivyo, mti wake utashika, inshallah, na huenda siku moja ukamfaa mtu aliyefungika asiyejua pa kutokea.