Bibi Khadija, Mfanyabiashara wa Makka

Mama Muislamu, wewe unayeuza sokoni, mjue Bibi Khadija bint Khuwaylid (R.A.). Alikuwa mjane mwenye mali. Yeye hakusafiri na misafara. Aliwapa watu mtaji, wakapeleka bidhaa Sham, kisha wakagawana faida. Aliposikia sifa ya uaminifu wa Muhammad (S.A.W.), alimkabidhi mzigo wake, na akamtuma mtumishi wake Maysara afuatane naye. Alimwamini, lakini pia alifuatilia. Faida ikazidi. Baadaye Makuraishi walipowatenga Waislamu kwa njaa, mali ile ilitumika kuwasaidia. Alifariki mwaka 619, mara baada ya dhiki hiyo. Basi jiulize: mtaji wako umemkabidhi nani? Na faida yako inamfikia nani?